Sema Apa

"Sema apa."

Tilek hakusema. Alikuwa amekaa juu ya zulia la sufu, mdomo wazi, amekitumbulia macho kipande cha mkia wa kondoo kilichochomekwa kwenye kijiti, na mafuta yalikuwa yanachuruzika mpaka kwenye vidole vya bibi yake, Burmakan. Huku kwetu Naryn, mtoto akianza kuota meno hupewa mkia wa kondoo uliochemshwa aumumunye, na kile kijiti ni cha kuzuia asije akaumeza ukamkaba. Kila nyumba hufanya hivyo. Ila Burmakan alikuwa amekigeuza kijiti kuwa fimbo ya mwalimu.

"Sema apa, upate. Mama yako nani? A-pa."

Mtoto akanyoosha mkono. Burmakan akainua kijiti juu zaidi. Mtoto akalia, kilio cha puani, cha mtu aliyekwisha kulia sana tangu asubuhi, na bibi akangoja amalize ndipo aanze upya.

Inafaa kusema mapema jambo hili lilivyo. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume si wa aliyemzaa. Ni wa mama wa mume. Atalala ubavuni kwa bibi, bibi ndiye atakayeitwa apa, yaani mama, na yule aliyembeba tumboni ataitwa kwa jina wanalomwita wakubwa wa nyumba. Wapo wanaoifanya desturi hii kwa upole, mtoto akawa anazunguka mapaja mawili na kushiba kotekote. Burmakan hakutaka mapaja mawili. Alitaka neno lile moja, liwe lake peke yake, na alikuwa tayari kumlaza mtu na njaa ili alipate.

Yeye mwenyewe aliolewa akiwa msichana wa mashavu mekundu, na mwaka uliofuata akazaa dume. Mavyaa wake, bikizee mwenye sauti ya kukwaruza, alimwacha amalize arobaini yake, kisha akamchukua mtoto na tandiko lake, akaenda naye chumbani kwake. Mtoto akapewa jina la Mederbek. Alikulia kama kitindamimba cha yule bikizee, kwa hiyo baba yake wa kumzaa akawa kaka yake, na Burmakan akawa mke wa kaka. Alipoanza kusema, alimwita mama yake Shemeji. "Shemeji, maji." "Shemeji, viatu vyangu viko wapi?" Burmakan aliitika. Angefanya nini? Bikizee alikuwa amekaa palepale akimtazama anavyoitika.

Bikizee akafa. Mume naye akafa. Mederbek akawa mtu wa makamo, ana ndevu na farasi wake upande wa pili wa mto, na Burmakan akabaki kuwa Shemeji. Watoto aliowazaa baadaye walimwita apa mpaka akachoka kuitwa, lakini haikumsaidia kitu. Aliyenyang'anywa ndiye aliyemkaa rohoni. Basi siku aliposikia kwamba Salkin, mke wa mwanawe mdogo Taalai, amejifungua mtoto wa kiume, hakushangilia wala hakuomba dua. Alisema tu, "Sasa ni zamu yangu."

Taalai alikuwa Urusi akijenga maghorofa ya watu. Alikuwa akipiga simu kila alipopata nafasi, na simu ilishikwa na mama yake. Salkin aliruhusiwa kusalimia mwishoni, kama salio likibaki.

Tatizo la Burmakan lilikuwa maziwa. Salkin alikuwa mwembamba, mpole, wa kuangalia chini, mtu ambaye ukimwona ungesema hana hata ya kumtosha paka, lakini maziwa aliyokuwa nayo yalikuwa yanalowesha magauni. Na Tilek alikuwa mwana wa ziwa. Burmakan alimlaza chumbani kwake, akamfunika na blanketi zito. Asubuhi anamkuta ametambaa mpaka mlangoni kwa mama yake, amelala juu ya viatu. Hilo lilimkera bibi kuliko matusi.

Asubuhi moja alimwita Salkin jikoni, akamwambia afungue gauni. Akakwangua masizi chini ya sufuria, akampaka ziwa hili na lile mpaka yakawa meusi ti, halafu akayabandika manyoya ya kondoo mweusi kwa uji mzito wa unga.

"Ene," alisema Salkin. Ndivyo mke anavyomwita mama wa mumewe kwetu. "Si tumwachishe pole pole? Bado mdogo."

"Mdogo wa nini? Ana meno. Tena simama wima. Akija, nguruma."

"Ningurume?"

"Nguruma kama dubu. Au mliosoma mjini hamjui dubu analiaje?"

Salkin hakunguruma. Tilek alikuja mbio kwa magoti kama kawaida yake, akashika gauni, akajivuta juu huku anacheka, na nyuma ya mgongo wa mama yake Burmakan akanguruma. Mtoto aliinua macho akaona manyoya. Hakulia pale pale. Kwanza pumzi ilimkatika, uso ukawa wa zambarau, akaanguka chali. Kilio kilipotoka, jirani upande wa pili wa ua aliacha kukamua ng'ombe akasikiliza.

"Umeona?" Burmakan alimnyanyua, akampapasa mgongo kwa upendo kabisa. "Ziwa limekuwa mnyama. Njoo kwa apa wako, apa hana manyoya."

Ulikuwa ukatili, na usipambwe kwa jina jingine. Tangu siku ile Tilek hakuogopa ziwa tu, alimwogopa na mwenye ziwa. Salkin akiinama kumnyanyua, mtoto anafunika uso. Masizi yalikwisha kuoshwa zamani, lakini nani atamweleza mtoto? Salkin alijifunga kifua kwa kitambaa, akashikwa na homa, akakamua maziwa yake nyuma ya zizi, chini ya ukuta ambapo hapakanyagwi, kwa sababu maziwa ya mwanamke hayamwagwi njiani. Alikuwa anakamua na kulia kimya, kisha anajifuta uso kwa kilemba na kurudi kukanda mkate wa watu.

Jambo ambalo Burmakan hakulitegemea ni kwamba mtoto angegoma. Alimlowekea mkate katika chai ya maziwa; akautema. Alimkorogea unga wa ngano ya kukaanga kwa siagi na sukari, chakula ambacho hata mgonjwa hukiomba; mtoto akakaza fizi. Akapewa malai, akampaka paka. Burmakan akatafuna nyama mwenyewe, akailainisha, akamtia mdomoni kwa kidole kama alivyowafanyia wanawe wote, na Tilek akaisukuma nje kwa ulimi, taratibu, huku anamtazama. Kitu kimoja tu alikitaka, ule mkia wa kondoo kwenye kijiti. Pengine kwa sababu ni laini, ni vuguvugu, na unanyonywa.

Shaarkul, yule jirani mkamua ng'ombe, ana ulimi usiolala njaa. Alikuja kuazima ungo akamwona mtoto.

"Huyu mbona shingo imekuwa ya kifaranga?"

"Anaota meno," alisema Burmakan.

"Meno gani hayo yanakula mashavu ya mwenyewe?"

Mtu mwingine angeona aibu, angempa mtoto mkia wote na kijiti chake. Burmakan aliona upenyo. Kama hiki ndicho anachokitaka, basi hiki ndicho atakachokilipia. Hapo ndipo yalipoanza masomo ya kijiti. Bila apa, hakuna mkia. Siku nyingine mtoto alilia mpaka akasinzia ameketi, na mkia ukaganda mweupe kwenye sahani kando yake.

"Ene, mpe tu," Salkin alisema siku moja kutoka mlangoni. Ndani ya chumba asingethubutu kuingia, mtoto angepiga kelele. "Akishiba atasema mwenyewe."

"Akishiba ataniitia nini?"

"Amekonda, ene. Nimeona mbavu zake."

"Wangu nilimwona mbavu na nikanyamaza. Na mimi nilikuwa na maziwa, usidhani ulianza wewe. Nenda ukachote maji."

Salkin akaenda kuchota maji.

Mtoto hatimaye alishindwa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu, chai iko mezani, kijiti kiko hewani, na Tilek, macho yamezama ndani, alitazama yale mafuta akasema, wazi kabisa, "Apa."

Burmakan alidondosha kijiti. Alimkumbatia mtoto akalia kwa sauti, akamlisha mkia mzima kwa mkono wake mwenyewe, akampigia Taalai simu Urusi na kumwamsha, akatoka uani akamwambia Shaarkul, akamwambia na mpita njia. Alionekana amepungua miaka. Siku hiyohiyo akatangaza kwamba atachinja kondoo na kumkata mtoto pingu, ile sherehe yetu ya mtoto anayeanza kutembea, na kwamba mtaa mzima uje usikie mtoto anavyomwita.

Na kweli alikuwa akiitwa. Mfuniko wa sufuria ukifunguliwa, "Apa!" Kitambaa cha mkate kikikunjuliwa, "Apa, apa!" Burmakan alikuwa anakimbia kutoka popote alipo, mikono ina unga, "Naam, roho yangu! Naam, apa yuko hapa!" Na kwa kuwa mikono yake siku hizo haikukosa kitu cha kula, mtoto alikuwa anafurahi, na bibi akifurahi zaidi.

Salkin ndiye aliyeona. Alikuwa hana kazi nyingine ila kuona, maana kushika alikatazwa. Siku Burmakan alipopeleka ng'ombe malishoni, Tilek alisimama mbele ya mfuko wa unga akausalimia, "Apa." Aliona ndama ananyonya, akamwonyesha kwa kidole, "Apa." Aliona mkate mkononi mwa Salkin, akasahau kuogopa, akanyoosha mkono, "Apa." Salkin akaelewa. Mtoto hakufundishwa jina la mtu. Alifundishwa jina la chakula.

Angeweza kusema. Neno moja tu kwa mavyaa wake, na mambo yangerekebishwa kabla ya wageni. Hakusema. Badala yake, kila mavyaa akitoka, alikuwa akimmegea mtoto mkate, anampa viazi vilivyopondwa na malai, anampa yai, na kila mtoto akisema apa, anaongeza kipande. Shingo ya kifaranga ikaanza kujaa. Mtoto alikuwa anapona na neno linazidi kuota mizizi, na Salkin akiyatazama yote mawili kwa macho makavu. Tusimtafutie udhuru. Alijua siku ya sherehe inakuja, na aliingojea.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri wakaketi uani kwenye mazulia. Mederbek alivuka mto juu ya farasi wake mwekundu, akashuka, mwanamume mkubwa wa mabega asiyejua mikono yake aiweke wapi, akavua kofia.

"Hongera, Shemeji."

"Ahsante. Kaa," alisema Burmakan bila kumwangalia sana. Leo hakuwa na haja ya kuumia. Leo alikuwa na wake.

Miguu ya Tilek ilifungwa kwa uzi mweusi na mweupe uliosokotwa. Watoto wa mtaa wakashindanishwa mbio kutoka mtoni, na msichana mmoja asiye na viatu akawatangulia wote, akapewa kisu cha kukatia ule uzi. Burmakan alikuwa amekwisha kuchutama mwisho wa zulia refu, amefungua mikono.

"Ngojeni mumsikie," aliwaambia watu. "Ataniita mbele yenu. Mkamwana! Ukiona pingu imekatika, leta nyama, watu wale huku wanashangilia."

Kisu kikakata. Tilek alisimama, akayumba, akajikaza. Akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Apa!"

Watu wakapiga makofi. Burmakan machozi yakamlengalenga. Mtoto akapiga hatua, na nyingine, mikono mbele, "Apa! Apa!", akamfikia bibi yake, akampita. Alipita kando ya bega lake kana kwamba ni jiwe, akaenda moja kwa moja kwa Salkin, ambaye alikuwa ametoka jikoni na sinia la nyama na kuinama kuliweka chini. Juu ya nyama palikuwa na mkia wa kondoo, mzima, unatoa mvuke. Tilek akaukumbatia kwa mikono yote miwili. "Apa," akauambia, na akaung'ata.

Kisha Shaarkul akaanza kucheka, na wengine wakasombwa.

"Subirini," Shaarkul alisema akijifuta macho. Akainua kipande cha mkate. "Tilek, huyu nani?"

"Apa."

Akainua mfupa. "Na huyu?"

"Apa."

"Na yule pale?" Akamwonyesha Burmakan, aliyekuwa bado amechutama, mikono wazi.

Mtoto alimtazama bibi yake. Alimtazama mkono wa kulia, akamtazama wa kushoto, akaona haina kitu, akarudi kwenye mkia.

Watu wakaingia ndani kula, na mchana mzima uliobaki ulikuwa hivyo. "Nisogezee apa hiyo." "Apa ya leo imeiva vizuri." "Mimi apa yangu naitaka yenye mfupa." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mmoja alikuwa na mzaha mmoja tu, ila wao walikuwa wengi na yeye mmoja. Burmakan alicheka nao. Alimimina chai, akacheka, akapitisha chumvi, akacheka. Wakati fulani aligeuka kuchukua birika akakutana na macho ya Salkin, na hayakuwa yanaangalia chini. Akaelewa kwamba huyu alijua. Akarudi na birika, akamimina tena.

Mederbek hakucheka. Alikula akiwa ameinamisha kichwa, na mara mbili tatu alimwangalia Burmakan, akafungua mdomo, akautia mkate.

Mgeni kwetu haondoki mikono mitupu. Nyama iliyobaki hugawiwa mlangoni, kila mtu na mfuko wake. Burmakan alisimama hapo na beseni, anagawa, na kila anayetoka ana lake la kusema. "Na mimi nipe apa yangu nikawape watoto." "Usininyime apa, jirani." Alikuwa hawatazami tena. Mkono unaingia beseni, unatoka, unatia mfuko, unangoja mwingine.

Wa mwisho alikuwa Mederbek. Alisimama mbele yake, kofia mkononi. Alichelewa kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Apa."

Burmakan hakuinua uso. Alichota pande la mkia lililobaki chini ya beseni, akamkandamizia kiganjani bila hata mfuko.

"Na wewe? Haya, apa hiyo, chukua uende. Wewe nilidhani una akili kuliko hawa."

Mederbek aliyatazama yale mafuta mkononi. Masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu.

"Ahsante, Shemeji," alisema. Akavaa viatu vyake, akatoka.

Salkin alikuwa anakusanya vikombe. Tilek alikuwa amemng'ang'ania gauni kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika mkate.

"Ene," alisema Salkin. "Yule hakuwa anataka nyama."

Mkono wa Burmakan ulisimama ndani ya beseni. Akageuka, akamtazama mkamwana wake aone kama ni stihizai, akaona si stihizai. Akatoka mbio, soksi tupu juu ya matope ya uani. Mederbek alikuwa amekwisha kupanda farasi na kufika langoni.

"Mederbek!"

Akavuta hatamu, akageuka. "Naam, Shemeji? Nimesahau kitu?"

Burmakan alisimama pale, mikono imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Mwanangu ni neno alilolisema kwa kila mtoto wa mtaa, kwa wana-kondoo, hata kwa mbwa, na mtu huyu mmoja hakuwahi kumwambia hata mara moja, kwa sababu alikatazwa akiwa na miaka kumi na tisa na hakuna aliyekuja kumwondolea katazo. Alimwona anangoja, anangoja kwa adabu kama anavyongojwa mke wa kaka.

"Hapana," alisema. "Salimia nyumbani."

"Zimefika," alisema Mederbek, akateremkia mtoni. Burmakan alirudi ndani akafunga mlango, maana baridi ilikuwa inaingia.